Mwanya wa Kakakuona

Mkiniuliza nina umri gani nitawaambia sijui, na sitakuwa nawadanganya. Katika mji huu mtandikaji ni mmoja tu. Mwili ukichoka unabadilishwa, kazi inabaki, na kumbukumbu zinabaki. Nakumbuka nikiwa babu. Nakumbuka nikiwa mwana wa babu huyo, kijana mwenye tamaa na viatu vya ngozi. Sasa ni mimi huyu, baba yake Tusekile, mwenye mikono iliyokufa ganzi, na siikumbuki asubuhi niliyoamka nikaacha kuwa wale wengine. Watu hawaulizi. Wananiita Mzee, wananipa shikamoo, wanapita.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mara moja kwa mwaka kakakuona anafika uwanjani. Natandika kaniki nyeusi katikati, namweka juu yake, kisha nazungusha vitu duara. Yeye anajikunjua, ananusa, anatembea, na kitu atakachokigusa kwa pua ndicho kitakachotawala mwaka wetu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kumgusa. Hata zamani ilikuwa hivyo, ila zamani sababu ilikuwa hofu na sasa sababu ni sheria.

Nilipokuwa babu, vitu vilikuwa vinne: bakuli la maji, ungo wa unga, jembe na mkuki. Akigusa maji, mvua ipo. Akigusa unga, tutakula. Akigusa jembe, tutalima mpaka viuno vikatike na tusione faida. Akigusa mkuki, akina mama walianza kulia palepale uwanjani. Sasa vitu vinne havijazi duara. Upande wa msitu niliacha mwanya, upana wa hatua mbili, na mwanya ule ulikuwa na maana yake kama vitu vingine vyote. Akipita pale bila kugusa chochote, tulisema mwaka hauna neno. Yaani hakuna habari, nendeni mkaishi. Na mara tu alipouelekea mwanya, mji mzima uligeuka ukampa mgongo, ili asiwepo hata mmoja wetu atakayejua anakokaa.

Msidhani tulikuwa watu wema. Tulimwogopa. Mtu aliyemkuta kakakuona mlangoni kwake alihamishwa mtaa na godoro lake likachomwa moto. Tulimgeuzia mgongo kwa hofu, ingawa kwenye vipeperushi vya Ofisi siku hizi wameandika heshima. Na miaka mingi, labda saba katika kila kumi, alipita mwanyani. Hilo ndilo lililotuchosha. Unamsubiri mgeni mwaka mzima, unampigia ngoma, unavaa nguo safi, halafu anapita katikati yenu akienda zake kutafuta mchwa. Njaa iliyotangazwa tuliivumilia. Kutoambiwa kitu kulitushinda, na nadhani kila kilichofuata kilianzia hapo, katika uchungu wa watu waliovaa vizuri na hawakuambiwa neno.

Nilipokuwa mwana, swali la mji lilibadilika. Zamani tuliuliza anasema nini. Tukaanza kuuliza anafaa nini. Hakuna aliyepiga mbiu kwamba swali limebadilika. Siku moja tu niliona watu wanatazama magamba badala ya pua. Wakaja wageni wenye mizani. Wakasema gamba lake linaponya, gamba lake linaleta bahati, gamba lake likitundikwa mlangoni mwizi hapiti. Nani asiyetaka mwizi asipite? Ikaamuliwa kila nyumba ipate gamba moja, na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kumgusa, niliyang'oa mimi, kwa koleo. Nyumba mia mbili na kumi na nne. Hakulia, maana kakakuona hana kilio. Alipumua tu kwa nguvu zaidi. Niliihisi pumzi yake viganjani, gamba baada ya gamba, kisha nikaacha kuihisi. Wa mwaka ule hakurudi msituni. Ganzi ilianza siku ile kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, na tangu hapo imekuwa ikipanda.

Magamba bado yako milangoni. Piteni mtaa wowote mtayaona, yamepakwa rangi pamoja na fremu.

Halafu yakaja haya ya sasa, zama za mapenzi. Sijui ni nani aliyeanza kumpenda. Labda ni watoto shuleni, waliofundishwa wimbo wake. Labda ni watu tu, walipoona hajaja miaka minne mfululizo. Ghafla akawa kwenye madaftari, kwenye khanga, kwenye mifuko ya sukari, kwenye jezi ya timu yetu ambayo haijawahi kushinda ugenini. Ofisi ikajengwa kwa ajili yake, ghorofa mbili. Na kwa kuwa hakuja mwenyewe, Ofisi ikaanza kumfuata. Walienda na gari kwenye kipande cha msitu kilichobaki, wakamrudisha ndani ya sanduku lenye matundu, na watu wakajipanga barabarani wakipunga mikono. Nilisimama nao, nikapunga.

Hatukuacha kumuuliza, hapana. Kila aliyempenda alitaka aguswe yeye. Wakaleta vitu vyao: pete za ndoa, jezi, fomu za kuombea kazi, funguo za nyumba ambazo hazijajengwa, picha za wagonjwa, simu. Nilitandika vyote. Duara likapanuka, kisha likakataa kupanuka kwa sababu ya jukwaa, na vitu vikaanza kuusogelea mwanya. Hatua mbili zikawa moja. Hatua moja ikawa shubiri tatu. Na mwisho, niliuziba mimi.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Ulikuwa mwaka ambao Tusekile alikuwa akisubiri matokeo ya mtihani. Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, nyumba ilikuwa kimya, na mimi, mwenye kazi hii tangu enzi za babu, nilitaka neno moja tu kuhusu binti yangu. Nikachukua daftari lake la hesabu nikalilaza pale, mlemle katika shubiri tatu zilizobaki. Kakakuona wa mwaka ule alijikunjua, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye daftari, akalisukuma kwa pua, akalisukuma tena. Watu walishangilia. Tusekile akafaulu. Lakini mimi niliona vizuri alichokuwa anafanya. Alikuwa anatafuta mlango. Nikapiga makofi na wenzangu, na daftari limerudi mahali pale kila mwaka tangu siku hiyo, kwa kuwa Ofisi ilisema ni la kihistoria.

Hayo ni ya nyuma. Sasa niwaambie ya mwaka huu.

Asubuhi ya kutandika, Tusekile alinikuta jikoni. Ana miaka thelathini na mbili sasa, na ameajiriwa na Ofisi kupeleka dodoso nyumba kwa nyumba. Aliingia na rundo la fomu kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Alikuwa anatazama mikono yangu. "Baba, weka chini. Baba! Weka hiyo sufuria chini!"

Nikatazama. Nilikuwa nimeiepua sufuria ya uji kwa mikono mitupu na nilikuwa bado nimeishika. Harufu nilikuwa nimeisikia, ila nilidhani ni jirani anachoma nyama. Nikaiweka chini. Ngozi ya viganja ilibaki kidogo kwenye sufuria.

"Huhisi?" aliuliza.

"Sihisi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa baba yangu."

Ameshazoea majibu ya namna hii. Alichana kipande cha khanga akanifunga mikono yote miwili, akiwa ameinamisha kichwa ili nisione uso wake. Nilipaswa kuhuzunika kwa ajili yake na nilijua mahali ambapo huzuni ile ilitakiwa kukaa, lakini sikuikuta.

"Leo utamshikaje?" akasema.

"Kama siku zote."

"Baba, wewe ndiye unayesema anapumua. Kila mwaka unamwinua, unasema anapumua, ndipo wanaanza. Sasa utajuaje?"

"Nitatazama."

"Akijikunja hakuna cha kutazama." Akafunga fundo la mwisho. "Ofisini wanajua?"

"Wewe ndiye unayejua."

Akakaa kwenye kigoda, akaweka fomu mapajani. Niliisoma ile ya juu. Swali la kwanza: Unampenda kakakuona kwa kiwango gani? Majibu yalikuwa matatu: sana, sana mno, kupita kiasi. Swali la pili liliuliza kama mtu angependa kumpenda zaidi.

"Nimeuliza nyumba mia mbili na kumi na nne," Tusekile alisema. "Nyumba mia mbili na kumi, kupita kiasi. Nne wenyewe hawakuwepo. Watu wameniletea soda, baba, wamelia mbele yangu. Mama Lutufyo alinishika mkono robo saa nzima ananieleza anavyompenda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza anakula nini."

"Anakula mchwa."

"Najua anakula mchwa. Vichuguu vyote vya uwanjani vimepuliziwa dawa juzi ili viti visiyumbe." Akazipanga upya fomu mapajani. "Nilisaini mimi ile karatasi ya dawa. Ilikuwa katikati ya karatasi nyingine."

Tukanywa uji. Alininywesha kwa kikombe kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefungwa.

Uwanjani walikuwa wamefika wote. Bwana Kihwele, ambaye ni mkuu wa Ofisi, alikuwa jukwaani na kipaza sauti, suti yake ya kijani imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Mama Lutufyo, mwenyekiti wa chama cha Wapendao, alikuwa mstari wa mbele na wenzake arobaini wa sare moja. Nilitandika kaniki. Nilipanga vitu. Vilikuwa mia tatu na kitu, na kalamu ya Bwana Kihwele mwenyewe ilikuwemo, kwa maana alikuwa akisubiri uhamisho. La mwisho nililiweka daftari la Tusekile mahali pake. Kisha sanduku likafunguliwa nikamtoa.

Alikuwa amejikunja. Ni kawaida. Nilimwinua kifuani na khanga zangu mikononi, na watu wakanyamaza kusubiri neno langu. Nilitafuta pumzi. Mikono haikuniletea kitu, si joto wala baridi, wala uzito sawasawa. Niliona tu kwamba nimebeba.

"Anapumua," nikasema. Niliisema kwa sauti ya chini ya puani, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Wakashangilia.

Nikamweka juu ya kaniki. Tukasubiri.

Hakujikunjua mchana ule. Hakujikunjua siku ya pili. Watu walileta mikeka, wakaleta vyakula, wakaleta mkate wakamrushia mpaka Ofisi ikakataza. Mvua ndogo ilinyesha wakafungua miavuli, na magamba yake yakalowa, yakakauka. Nilikaa pembeni ya kaniki kama inavyonipasa. Kutazama kitu kisichojongea kwa siku mbili kunambadilisha mtu. Ilifika wakati nikaona sisi ndio tuliotandikwa pale, na kwamba kuna mtu upande wa pili anayesubiri tuguse kitu ili ajue mwaka wake utakuwaje. Na sisi tunagusa kila kitu. Sijui huyo alitusomaje. Kisha mawazo hayo nayo yakapita. Kuna inzi aliyekuwa akitua kwenye mkono wangu, nilimtazama akitua.

Je, kumpenda mtu ni kumtaka aseme jambo kukuhusu? Nilijiuliza hivyo nikiwa babu, nikiwa mwana, nikiwa huyu. Babu alisema ndiyo na ndiyo maana yeye hakupenda. Mwana hakuwa na nafasi ya kufikiri. Mimi huyu nilikuwa na nafasi, siku mbili nzima, ila sikuwa na cha kufikiria nacho. Watu waliokuwa nyuma yangu waliimba ule wimbo wa shule.

Asubuhi ya siku ya tatu Bwana Kihwele alishuka jukwaani akaja kuchuchumaa karibu yangu. Kwa karibu alikuwa mtu mwingine, amechoka, ndevu zimeanza kuota.

"Mzee, niambie kweli. Yuko hai?"

"Unaniuliza wewe au inauliza Ofisi?"

"Naomba, Mzee. Watu wana siku tatu hapa. Kama amekufa hakuna lawama, tutaandika kwamba ni uzee. Kule wamebaki wawili. Gari lina mafuta, saa nane tunakuwa na mwingine hapa."

"Na wa pili akijikunja?"

"Kuna wa tatu," alisema. Hakuwa mkatili. Naapa alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa na machozi. "Tunampenda, Mzee. Hatuwezi kumaliza mwaka bila yeye."

Nikamwangalia Tusekile. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba, fomu kwapani, na alinitazama vile alivyonitazama jikoni. Nikaelewa kwamba neno moja nitakalolisema sasa ndilo litakaloamua juu ya wale wawili. Nikisema amekufa, gari linaondoka. Nikisema yu hai, wataendelea kukaa mpaka kila mmoja aone mwenyewe kwamba amekufa, na gari litaondoka kesho. Hakukuwa na jibu la tatu, kwa sababu mahali pa jibu la tatu nilikuwa nimepaziba kwa daftari.

Nikasimama. Nilitembea mpaka upande wa msitu, nikainama, nikaliokota daftari la Tusekile. Lilikuwa limefubaa, na jalada lilikuwa na alama za pua ya yule wa mwaka ule, vidoa viwili vya udongo. Nikalitia kwapani. Kisha nikarudi kwenye kaniki, nikamwekea mikono yangu juu yake watu wakiona, nikasema kwa sauti ileile ya tangazo:

"Anapumua. Geukeni."

Hawakuelewa. Bwana Kihwele alinishika bega. "Nini, Mzee?"

"Ameona mwanya. Hatoki mkimtazama. Geukeni wote, mpeni mgongo."

Mama Lutufyo akainuka. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo. "Nimpe mgongo mimi? Mimi ninayempenda? Siku tatu nimekaa juu ya mawe hapa, Mzee, leo unaniambia nimgeuzie mgongo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Hukukosa. Ndivyo ilivyokuwa. Atakayegeuka, mwaka wake utamfikia. Asiyegeuka sijui."

Hiyo sehemu ya mwisho niliitunga. Babu asingeisema. Lakini niliwajua watu wangu, na kila mmoja alikuwa na kitu chake mle duarani. Mama Lutufyo alisimama muda mrefu. Halafu akageuka taratibu, na wale arobaini wa sare wakageuka, na nyuma yao mji ukaanza kugeuka safu baada ya safu. Bwana Kihwele aliikodolea macho kalamu yake kwanza, ndipo akageuka.

Kisha nikaona mikono inainuka. Walikuwa wamegeuka kweli, ila kila mmoja alikuwa ameinua simu juu ya bega, kioo kikitazama nyuma. Mamia ya simu. Nilijiona ndani ya simu zote hizo, mzee mdogo mwenye khanga mikononi. Nilipaswa kucheka.

"Na simu," nikasema. "Kifudifudi, chini, mbele ya miguu yenu."

Hapo nilidhani watakataa. Walikuwa wamechoka, nadhani ni hilo tu. Moja moja zikashuka. Uwanja ukawa migongo mitupu: migongo ya sare, migongo ya jezi, migongo ya watoto waliobebwa iliyofunikwa khanga zenye picha yake. Sijaona mgongo wa mji wangu tangu nilipokuwa babu. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo la mtu likinguruma.

Nikainamisha shavu langu juu yake. Uso wangu bado unahisi kidogo, upande wa kulia. Magamba yalikuwa baridi. Magamba huwa baridi siku zote, awe hai au amekufa. Joto liko chini, tumboni, alikolikunjia, na huko mikono pekee ndiyo inayofika. Sikujua. Nilimfunga ndani ya kaniki, nikamkumbatia na daftari pamoja, nikapita mwanyani.

Tusekile alinifuata. Nilisikia hatua zake, na sikumkataza.

Msitu ni mwendo wa dakika ishirini. Umebaki kama nywele alizosahau kinyozi nyuma ya sikio. Tulipofika kwenye miti ya kwanza, kelele zililipuka uwanjani: walikuwa wamegeuka wameona kaniki haipo na yeye hayupo. Walishangilia. Niliisikia sauti ya Bwana Kihwele kwenye kipaza sauti, inasema ameondoka mwenyewe, mwaka hauna neno, na watu wakazidi kushangilia bila kujua maana yake. Gari halikuwashwa. Nilisikiliza sana, halikuwashwa.

"Umewadanganya," Tusekile alisema.

"Ndiyo."

"Watu wote wale."

"Ndiyo, mama."

Tulimlaza chini ya mti penye kichuguu ambacho hakikuwa kimepuliziwa. Nilifungua kaniki. Alikuwa vilevile, mviringo, mkia umefunika uso. Sehemu za magamba yaliyopotea sikuziona. Huyu alikuwa mzima, magamba yote yapo, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonifikia. Nikasema kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusikia isipokuwa mwanangu, kwamba niliuziba mwanya mimi, kwa ajili yake, kwa daftari hili, na kwamba yule wa mwaka ule hakumchagua bali alitaka kutoka. Nilimwambia samahani. Sikujua ni yupi kati yao ninayemwambia.

Tusekile alilichukua daftari kutoka kwapani mwangu. Alifungua ukurasa mmoja wa hesabu zake za zamani, akaufunga.

"Nilifaulu kwa sababu nilisoma, baba," akasema.

"Najua."

"Ulinitandika pale kama jembe."

"Najua."

Alipiga magoti. Hakuna asiye mtandikaji aliyewahi kufanya alichofanya, si katika enzi ya babu wala ya mwana. Alivua saa, akaiweka juu ya daftari, akapitisha mkono chini ya mkia, polepole, mpaka kiwiko, kule ndani kwenye tumbo. Nilimtazama usoni. Alikuwa amefumba macho. Kwa muda mrefu uso wake haukuniambia kitu, kisha akautoa mkono, akaushika kwa mkono mwingine, akaukumbatia kifuani.

"Tusekile. Vipi?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kichuguu.

Mikono yangu ilianza kuuma. Ilianzia kwenye viganja, pale sufuria iliposhika, ikapanda. Maumivu yalikuwa makali na nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikainyoosha kuelekea kwake pale chini, nijue mwenyewe, kwa mara moja tu, kwa mikono yangu. Tusekile aliizuia. Aliishika yote miwili juu ya khanga, kwa nguvu kiasi kwamba niliuma midomo.

"Niache nimshike," nikasema.

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, ya puani, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika:

"Anapumua, baba. Geuka."

Nikageuka.